Kwanini "coloured" inakatazwa ila "people of colour" inaruhusiwa? Jibu kwa dada aliyeko Uingereza

SWALI: Habari mwalimu. Niko Uingereza mwaka wa pili sasa, nafanya kazi ya kea kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kuna bibi mmoja kapita miaka 90, ananipenda sana, asiponiona anauliza "where's my coloured girl". Supavaiza akasikia, akamfokea bibi wa watu hadi akalia, alafu mimi nikaitwa ofisini kuulizwa kama nimeumia. Kiukweli sikuumia. Baadae kwenye treningi slaidi imeandikwa "people of colour", nikachangia mada nikasema "coloured people", chumba kizima kimya. Sasa tofauti iko wapi wakati maneno ni yale yale yamegeuzwa tu? Na mbona Martin Luther King mwenyewe alikuwa anasema Negro na tunamsifu? Nieleweshe maana saivi naogopa hata kuongea kazini.

JIBU: Dada, asante kwa swali na pole kwa siku ile ya treningi. Umeuliza kitu ambacho Waingereza wenyewe wengi wanakijua kama sheria tu, hili sema hili usiseme, ukiwauliza kwanini wanaanza kukohoa. Ngoja nikupe jibu lenyewe kwanza alafu nieleze limetoka wapi: ukifungua kamusi hutaona tofauti ya maana, tofauti iko kwenye historia ya kila neno, nani alilichagua, nani alibandikwa, na lilitumika kumfanyia mtu nini. "Coloured" liliandikwa kwenye vibao na kwenye sheria ili kumzuia mtu mlangoni. "People of colour" limechaguliwa na wale wale waliozuiwa. Ukishika hilo mengine yote yatakaa sawa, ingawa kuna sehemu mambo yanachanganya na nitakuonyesha.

Tuanze na huyo bibi maana nimemuonea huruma. Mtu wa miaka 90 na kitu alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Enzi za usichana wake Uingereza, "coloured" ndo lilikuwa neno la adabu, mama akimfundisha mtoto asimkosee mgeni anamwambia sema "coloured", usiseme "black", kwasababu "black" wakati huo ndo lilionekana kali na la kumdhalilisha mtu. Meli ya Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury Juni 1948 na mamia ya watu wa Karibiani, magazeti, wabunge, mapadri wote walisema "coloured". Kwahiyo bibi anakupa adabu aliyofundishwa, sema imepitwa na wakati na hakuna aliyemwambia taratibu.

Lakini sasa neno hilo hilo la adabu ndo lililoandikwa kwenye vikaratasi vya vyumba vya kupangisha, kwamba coloured wasisumbuke kubisha hodi. Tena lilikuwa sera za kazi. Bristol mwaka 1963 kampuni ya mabasi ilikuwa haiajiri madereva wala makondakta weusi, na hawakuficha. Kijana mmoja wa Jamaika, Guy Bailey, alishapangiwa intavyu, kufika wakajua ni mtu wa Karibiani intavyu ikafutwa hapo hapo. Paul Stephenson na wenzake wakaitisha mgomo wa kutopanda mabasi, ukadumu kama miezi minne, na kampuni ikatangaza kuachana na ubaguzi huo tarehe 28 Agosti 1963. Ndo mapambano yale yaliyosaidia kuleta sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi Uingereza mwaka 1965, na ile ya 1968 iliyogusa nyumba na ajira. Kwahiyo mzee wa Kijamaika aliyefika Uingereza kijana, ukimwambia "coloured" leo anakumbuka kazi aliyonyimwa na chumba alichofungiwa mlango. Neno ni lile lile, ila bibi na huyu mzee kila mmoja amelipokea kwa upande wake.

Na tarehe 28 Agosti 1963, siku hiyo hiyo ya ushindi wa Bristol, ndo siku King aliposimama Washington akatoa hotuba yake kubwa, na humo ndani anasema Negro tena na tena. Kwahiyo maswali yako mawili yanakutana siku moja, na kumjibu King inabidi turudi nyuma sana maana Marekani ndo kuna simulizi refu.

Negro ni Kireno na Kihispania, maana yake "eusi" tu, imetoka Kilatini. Iliingia Kiingereza karne ya 16 kupitia watu waliokuwa wanaandika habari za Afrika na biashara ya watumwa. John Rolfe wa Virginia aliandika barua akieleza kuletwa kwa Negro ishirini na kitu na meli mwaka 1619. Kwahiyo ni neno lililoanzia kwenye orodha ya mali, hilo halina ubishi.

Ila watu wenyewe walipopata uhuru wa kujianzishia vitu vyao, kule kaskazini mwa Marekani mwishoni mwa karne ya 18, hawakujiita hivyo. Walijiita Waafrika. Philadelphia 1787 wahubiri weusi Richard Allen na Absalom Jones wakaanzisha Free African Society. Mwaka 1816 likazaliwa kanisa la African Methodist Episcopal, ambalo mpaka leo lipo hata Afrika Kusini. Yaani African ilikuwa jina la fahari.

Sasa angalia kilichotokea, na hapa nakaa kidogo kwasababu watu wengi hawaijui sehemu hii. Mwaka huo huo 1816 wazungu wenye nafasi kubwa serikalini wakaanzisha American Colonization Society, lengo lake kuwachukua weusi walio huru na kuwapeleka Afrika, ndo mwanzo wa Liberia. Weusi wa Philadelphia walipokutana kanisani kwa Allen mwaka 1817 wakakataa kwa sauti moja, wengi wao wamezaliwa pale, wazazi wao wamezikwa pale, nchi imejengwa kwa mikono yao, leo waambiwe warudi "kwao". Na hapo jina la African likawa hatari. Ukijiita Mwafrika unampa mwenye hila hoja, si umesema mwenyewe we ni wa Afrika, basi nenda. Ndo wakaanza kuhamia "colored". Mwaka 1835 mkutano wao wa kitaifa ukafika mpaka kupitisha azimio kwamba African iondolewe kwenye majina ya taasisi zao, na hata colored nayo waachane nayo, wajiite Wamarekani tu. Azimio halikushika sana, gazeti lao la New York mwaka 1837 likaitwa Colored American, lakini unaona wasiwasi waliokuwa nao. Hawa watu hawakubadilisha majina kwa kupenda mitindo kama wanavyodhihakiwa siku hizi, walikuwa wanatafuta jina ambalo halitatumika kuwafukuzia.

Na colored ndo ikawa jina la heshima kwa muda mrefu tu. NAACP, chama kikubwa kabisa cha haki za weusi Marekani, kilichoanzishwa 1909, hiyo C ni Colored, na hawajaibadilisha mpaka leo. Shida ni kwamba wakati wao wanaitumia kwa heshima, majimbo ya kusini yalikuwa yanaitunga kwenye sheria. Sheria ya Louisiana ya 1890 ya kutenganisha mabehewa ya treni ilitaja "white" na "colored", Homer Plessy akaipinga hadi mahakama kuu ya nchi, mwaka 1896 mahakama ikamkatalia. Baada ya hapo vibao kila mahali, bomba la maji ya kunywa lina kibao, choo kina kibao, chumba cha kusubiria treni kina kibao, na kibao kimeandikwa COLORED. Miaka sitini na zaidi. Neno likisomwa na mtoto kwenye bomba la maji kila siku ya maisha yake haliwezi kubaki safi, hata kama nia ya mwanzo ilikuwa njema.

Ndo maana wengine walihamia Negro. Najua inashangaza, wametoka colored wakaenda kwenye neno la wafanyabiashara wa watumwa, lakini hoja yao ilikuwa kwamba hili angalau ni jina la taifa la watu, unaweza kulisimamisha. Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mkubwa wa weusi wakati huo, aliliunga mkono, na msomi mweusi W.E.B. Du Bois alipigana miaka mingi kwa ajili ya herufi moja tu, N kubwa. Magazeti yalikuwa yanaandika "negro" kwa herufi ndogo wakati Mjerumani, Mwayalandi, Myahudi wote wana herufi kubwa. New York Times ilikubali N kubwa tarehe 7 Machi 1930. Herufi moja, ila waliipigania kama watu wanavyopigania kura.

Mwaka 1928 mwanafunzi mmoja wa sekondari wa Indiana alimwandikia Du Bois kwenye The Crisis, jarida la NAACP alilolihariri, akilalamika kwamba Negro ni neno la mzungu la kutufanya tujione duni, mbona jarida lenyewe linalitumia. Du Bois akamjibu kwa heshima lakini kwa ukali kidogo, kwamba kijana usichanganye jina na kitu, watu wakiwadharau Negro hawatapunguza dharau siku mkijiita colored au Afro-American, kazi ni kubadilisha dharau yenyewe. Mimi namkubali Du Bois nusu. Ni kweli jina jipya likiingia kwenye dharau ile ile nalo litachafuka baada ya kizazi kimoja au viwili, historia imemuonyesha kuwa sahihi. Lakini yule kijana naye alikuwa sahihi, maana mtu kuwa na uwezo wa kusema "mimi niiteni hivi" na wakamuita hivyo, hiyo yenyewe ni sehemu ya kupunguza dharau.

Kwahiyo King alipokuwa anasema Negro 1963 alikuwa anatumia neno ambalo wazazi na walimu wake walikuwa wamelisafisha kwa jasho. Lilikuwa neno la wachungaji, la vyuo, la watu waliovaa suti. Kilichobadilika ni vijana. Malcolm X, mwanaharakati mweusi wa Marekani, alikuwa anasema "so-called Negro", huyo anayeitwa Negro, akimaanisha jina tumepewa na bwana, na alipoanzisha jumuiya yake Juni 1964 akaiita ya Afro-American Unity, akachukua mfano wa OAU ya kwetu, umoja wa nchi huru za Afrika, na Oktoba mwaka huo akapita Dar es Salaam na Nairobi. Juni 1966 Stokely Carmichael, kiongozi kijana wa harakati za haki, akasimama Greenwood, Mississippi, akapaza "Black Power", na ndani ya miaka michache tu, lile neno ambalo bibi yako alifundishwa kulikwepa likageuka jina la kujivunia. Usichukulie hili kirahisi. Black ilikuwa tusi hata baina ya weusi wenyewe, watoto walipigana shule kwasababu yake. Mwanamuziki James Brown aliimba mwaka 1968 "sema kwa sauti kubwa, mimi ni mweusi na najivunia", jarida la Negro Digest likabadilishwa jina kuwa Black World mwaka 1970. Ni miaka hiyo hiyo, 1966, Maulana Karenga wa California alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kwa maneno ya Kiswahili, umoja, ujamaa, imani, kwahiyo na lugha yetu ilikuwemo kwenye safari hii.

Mwishoni mwa 1988 Jesse Jackson, mchungaji na mwanasiasa mweusi, akatangaza kwamba wanataka African-American, kwamba kila kundi Marekani lina jina lenye nchi au bara, nao wawe nalo. Hapo neno African limerudi baada ya miaka 170 hivi, maana sasa hakuna wa kuwapandisha meli. Na sensa ya 2010 ilikuwa na kisanduku kimoja kimeandikwa Black, African Am., or Negro, maneno yote matatu pamoja kwasababu bado kulikuwa na wazee waliojitambua kwa lile la mwisho. Obama, mtoto wa Mkenya, alitiki hicho hicho kisanduku. Mwaka 2013 ofisi ya sensa ikatangaza kuiondoa Negro, na 2016 Obama akasaini sheria ya kuifuta kwenye sheria za nchi pamoja na Oriental, neno walilokuwa wanaitwa watu wa Asia. Kisha katikati ya 2020, baada ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, shirika la habari la AP na New York Times wakaanza kuandika Black kwa B kubwa. Kampeni ya Du Bois imejirudia, herufi nyingine tu.

Sasa turudi kwenye "people of colour". Maneno yenyewe ni ya zamani, Wafaransa kwenye makoloni ya Karibiani walikuwa na "gens de couleur" karne ya 18, King naye kwenye hotuba ile ile ana sehemu kasema "citizens of color". Lakini matumizi ya sasa yamekuzwa na wanaharakati wa Marekani, hasa wanawake, miaka ya 1970 mwishoni. Mwaka 1977 Houston kulikuwa na mkutano mkubwa wa taifa wa wanawake, wanawake weusi wakaenda na waraka wao, wenye asili ya Latini, Asia, wenyeji wa asili wa Marekani wakataka kuungana nao, wakahitaji jina la wote, wakatoka na "women of color". Mwanaharakati mweusi Loretta Ross ameisimulia hii mara nyingi, na yeye anasisitiza kwamba ilikuwa ahadi ya mshikamano. Kwahiyo chumba chako cha treningi kilinyamaza kwasababu masikioni mwao umetamka kibao cha mlangoni. Hawakujua na hawakuuliza kwamba we Kiingereza chako umefundishwa Tanzania, na vitabu vya zamani vya Waingereza bado viko kwenye rafu za shule zetu.

Niseme pia, sio kila mweusi Uingereza anapenda "people of colour". Wengi wanaona linawarundika pamoja watu wenye shida tofauti. Kulikuwa na BAME, kifupi cha Black, Asian na wengineo, serikali ikaacha kuitumia baada ya tume yake kushauri hivyo mwaka 2021. Ukiwa unaongelea watu weusi sema Black, ukiwa unaongelea Wapakistani sema Wapakistani, hakuna atakayekulaumu kwa kuwa wazi.

Hapo ndo nilikuambia mambo yanachanganya, maana ukipanda ndege ukashuka Cape Town utakuta watu wanaojiita Coloured, kwa C kubwa, Afrika Kusini nzima ni zaidi ya milioni 4, na ukiwaambia hilo ni tusi utawakera. Kule sheria ya 1950 ya kuandikisha watu iliwagawa kwa rangi, na Coloured lilikuwa kundi la waliochanganya damu za Wakhoi, watumwa kutoka Asia na Afrika Mashariki, Wazungu na Waafrika. Wapo wanaolikataa, lakini wengi wamelichukua likawa jina la kabila lao kabisa, wana Kiafrikana chao, chakula chao, misemo yao. Herufi zile zile tatizo Bristol, kitambulisho Cape Town.

Na Afrika Kusini hiyo hiyo usimwite mtu "Bantu". Sisi huku Wabantu ni habari ya lugha, mwalimu wa Kiswahili anakufundisha Kiswahili ni Kibantu na unajisikia vizuri. Neno lenyewe lilitengenezwa na mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek karne ya 19. Makaburu wakalichukua, sheria ya elimu ya 1953 ikaitwa Bantu Education, elimu ya kumuandaa mtoto mweusi awe kibarua basi, na baada ya hapo neno likaoza mikononi mwa watu waliopitia zile shule. Alafu liko lile jingine la kule, ambalo ni baya kuliko yote, linatokana na kafiri, hili hili la kwetu la kwenye dini. Waarabu walilitumia pwani hii kwa wasio Waislamu, Wareno wakalibeba, Waholanzi na Waingereza wakalifanya jina la Mwafrika yeyote kusini, na mwisho likawa la kumtemea mtu mate. Mwaka 2018 mwanamke mmoja alihukumiwa jela huko kwa kuwarushia maaskari weusi neno hilo. Kwahiyo ukisoma menyu ya Kithai London ukaona zamani waliandika ndimu ya jina hilo na sasa wanaandika "makrut lime", sababu ni hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki Waingereza hawakututumia Negro wala coloured sana, sisi tulikuwa "natives". Native Authority, Native Reserve, na kule Kenya sheria ya Native Registration ya 1915 iliyoleta kipande, mwanaume wa zaidi ya miaka 16 anavaa shingoni kile kikopo cha chuma chenye karatasi yake, akikutwa bila kipande ni kosa. Native maana yake ni mzaliwa wa mahali, hata Mwingereza ni native wa Uingereza, lakini hakuna askari aliyemsimamisha Mwingereza kumuuliza u-native wake. Wazee wetu wakajichagulia African, African Association ya Tanganyika mwaka 1929, TANU 1954, Kenya African Union, hilo neno African pale halikuwekwa kwa bahati mbaya. Kenya mabaraza ya Local Native Councils yakaja kuwa African District Councils mwaka 1950. Na leo Marekani "Native American" ni jina la heshima kwa wale walioitwa Wahindi tangu Columbus apotee njia 1492, nao wamelikubali wengi.

Nakuja kwenye kitu ambacho nadhani hukukisikia kwa huyo bibi, na supavaiza huenda alikisikia. We umeshughulika na "coloured" peke yake. Kuna "girl". Umesema uko Uingereza mwaka wa pili unafanya kazi, we ni mtu mzima, pengine mama wa watoto. Kwetu mtoto wa kike ukiitwa na bibi "binti yangu" unafurahi, hiyo ni heshima ya umri, na inawezekana kabisa bibi anamaanisha hivyo. Lakini kwa Kiingereza cha ukoloni mtu mweusi alikuwa hakui. Mwanaume wa miaka 50 mwenye wajukuu aliitwa "boy" na mtoto wa bwana wake, ndo tukapata neno boi kwenye Kiswahili, boi wa nyumbani, tukalizoea mpaka tukasahau lilikuwa linamwambia nini yule mzee. Memphis 1968 wazoa taka weusi waligoma wakabeba mabango yaliyoandikwa I AM A MAN, jibu la boy hilo. Mwaka 2006 mahakama kuu ya Marekani ilisema meneja kumuita mfanyakazi mweusi "boy", hata bila kuongeza neno la rangi, inaweza kuwa ushahidi wa ubaguzi, inategemea sauti, mazingira na desturi ya mahali. Kwahiyo yule supavaiza, pamoja na kukosea namna alivyomkabili bibi, hakuwa anasikia kitu ambacho hakipo.

Naomba nipite haraka kwenye mengine ambayo utayakuta. "Coolie" usilitumie kabisa kwa mtu mwenye asili ya India. Sisi kuli ni mbeba mizigo bandarini, hamna ubaya, lakini lilikuwa jina la vibarua wa mkataba waliotolewa India, zaidi ya 30,000 walikuja kujenga reli ya Mombasa hadi ziwani, na kule Karibiani na Afrika Kusini likabaki kuwa tusi la wajukuu zao. "Half-caste", hafkasti tunayosema kirahisi huku kwa chotara, Uingereza inaumiza, wanasema "mixed race" na sensa yao ya 2001 iliweka kisanduku cha Mixed. Na "Asian" ukiisikia Uingereza ni Mhindi, Mpakistani, Mbangladeshi, kama ilivyo kwetu tangu 1947 India na Pakistani zilipogawanyika ikawa tabu kusema Indian kwa wote, ila Marekani Asian wengi wanafikiria Mchina, Mkorea, Mjapani.

Lile neno la N sijaliandika na sitaliandika, ingawa najua vijana wa Dar na Nairobi wanaitana kutokana na miziki. Mwaka 1837 mchungaji mweusi Hosea Easton alishaandika kwamba ni neno la kumtweza mtu na akaeleza jinsi watoto wa kizungu walivyofundishwa kulitumia, kwahiyo asikudanganye mtu kwamba zamani lilikuwa la kawaida tu. Weusi wa Marekani wenyewe hawajakubaliana, wapo wanaosalimiana nalo, NAACP ililifanyia mazishi Detroit mwaka 2007. Wewe kazini usilitaje, hata ukiwa unasimulia alichosema mtu mwingine.

Najua utauliza, je nia haina uzito? Ina uzito, ila haitoshi, na mfano wa karibu ni Cavani, mchezaji wa Uruguay aliyekuwa Manchester United. Novemba 2020 aliwafunga Southampton mabao, rafiki yake akampongeza instagramu, akamjibu "gracias negrito". Uruguay hilo ni neno la mapenzi, mtu anamuita hata mkewe, na taasisi ya lugha ya nchi yake ilimtetea hadharani. FA, chama cha mpira cha Uingereza, ilimfungia mechi tatu na faini ya pauni 100,000. Mimi naona adhabu ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa mtu aliyekuwa anamuandikia rafiki yake kwa lugha yake mwenyewe. Mwezi huo huo mwenyekiti wa FA hiyo hiyo, Greg Clarke, alijiuzulu baada ya kuwaambia wabunge "coloured footballers", na hapo sina tatizo na matokeo, maana huyo ni Mwingereza, anazungumza Kiingereza, ana madaraka juu ya wachezaji anaowaongelea, na alikuwa na miaka kibao ya kujifunza. Ona tofauti ya hao wawili alafu jipime mwenyewe na bibi yako wako upande gani.

Sasa cha kufanya. Kwa supavaiza nenda ukiwa mtulivu, mwambie hukuumia, lakini unashukuru kwamba kazini kuna mtu anayesikiliza, na uombe bibi asifokewe tena kwa ajili yako. Usiombe sheria ilegezwe, maana kesho atakuja mzee mwingine anayelitumia neno hilo kwa chuki, na huyo dada mwenzako atakayeitwa atahitaji hiyo sheria iwepo. Kwa bibi, mfundishe jina lako. Asubuhi ukimpelekea chai mwambie jina lako, kesho mwambie tena, akisahau mwambie tena, ni kazi ambayo tayari unaifanya kwa mambo mengine ya uzee wake. Kwenye treningi ijayo usinyamaze, sema tu kwamba Kiingereza ulichofundishwa kilikuwa na neno hilo na sasa umejua historia yake, watu wazima watakuelewa. Na kwenye fomu zao kisanduku chako ni Black African, utakikuta chini kidogo ya White na Asian, kisanduku hicho kipo tangu sensa ya 1991 walipoanza kuuliza.